Aliiona namba ya msaada kwenye simu yangu

Shangazi,

Ninakuandikia kwa simu ya mwenzangu wa kazini wakati wa mapumziko, na nikishatuma nitaufuta ujumbe huu. Tafadhali usinijibu kwa namba hii wala kwa ile yangu. Nijibu hapa hapa kwenye safu. Mume wangu anajua kwamba huwa ninaisoma, akinikuta nayo hatashangaa.

Tumeoana miaka 9 na tuna watoto 2, mkubwa ana miaka 7 na mdogo 3. Ukiniuliza mambo yaliharibika lini sijui nianzie wapi, kwa sababu hayakuanza na kipigo. Yalianza na maswali. Ulikuwa wapi, uliongea na nani, mbona umechelewa dakika 20. Baadaye akaichukua kadi yangu ya benki akisema sijui kupanga matumizi. Kitambulisho changu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto amevifungia kabatini, ufunguo anatembea nao. Neno la siri la simu yangu analijua, na kwenye simu yake anaona mahali nilipo muda wote. Alisema ni kwa usalama wangu, nami wakati ule niliona ni mapenzi. Kofi la kwanza lilikuja nikiwa na mimba ya huyu mdogo.

Miezi 2 iliyopita alinikaba koo. Sikuzimia, lakini kwa siku 2 kumeza kulikuwa shida na sauti ilinikauka. Alama hakuna. Asubuhi yake alipiga magoti akalia, akaniambia shetani alimpitia.

Siku moja niliona bango lenye namba ya simu ya shirika linalosaidia wanawake wanaopigwa. Niliikariri. Usiku, yeye akiwa anaoga, nikapiga. Akapokea mama mmoja, akaniuliza, "Uko mahali unapoweza kuzungumza kwa usalama?" Sikujibu. Nikakata. Kesho yake aliikuta namba ile kwenye simu yangu, akaipiga. Sijui walimwambia nini. Hakunigusa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema taratibu, "Ukiondoka, watoto hutawaona. Na wewe sitakuacha." Akipiga kelele huwa ninajua la kufanya. Akisema kwa upole namna ile, mwili wote unanifa ganzi.

Wifi yangu anataka niketi naye mbele ya wazee wa familia, nimweleze wazi kwamba nimechoka na nitaondoka asipobadilika. Rafiki yangu anasema nibebe watoto niondoke leo leo, nisingoje kesho. Mimi sijui. Bado kuna siku ninampenda. Sina hata jeraha la kuonyesha mtu. Ila juzi alipoanza kufoka nilimwona mwanangu mkubwa akimziba mdogo wake masikio kwa viganja, kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

Nikiwapigia tena wale, watanilazimisha kuondoka? Watamwita polisi? Watanipokonya watoto? Na nitawapigiaje bila yeye kujua?

Aliyekata simu


Mwanangu,

Nianze na usalama wa barua hii. Nimebadilisha mambo kadhaa uliyoyaandika, ikiwemo namna alivyogundua kwamba ulipiga, ili hata yeye akiisoma asione nyumba yake humu. Wewe isome kama unavyosoma barua nyingine yoyote. Usiikate, usiipige picha, usimtumie mtu. Ukishaisoma endelea na kurasa zinazofuata kama kawaida yako.

Sasa shingo yako. Wewe umeiandika kwa mistari michache halafu ukaendelea na mengine, lakini mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kukabwa koo hakufanani na kofi. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita shingoni, na ikiumia ndani, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye. Sauti kukauka na kumeza kwa shida ni dalili kwamba kitu kiliumia, hata kama ngozi haikuonyesha chochote. Huko San Diego, Marekani, walichambua kesi 300 za wanawake waliokabwa, wakachapisha matokeo mwaka 2001: nusu yao hawakuwa na alama yoyote inayoonekana. Kwa hiyo hilo neno lako, "sina jeraha la kuonyesha," naomba uliweke kando. Nenda hospitali, hata kama imepita miezi 2, na umwambie daktari waziwazi kwamba ulikabwa. Ukipata maumivu makali ya kichwa au shingo, macho kuona ukungu, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Na ikiwa siku yoyote alikulazimisha kitandani, jua kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na zile za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi.

Kuna sababu nyingine ya mimi kushikilia jambo hili. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa na mwenzi huyo unapanda zaidi ya mara 7. Sikuambii haya ili ulale macho. Ninakuambia kwa sababu washauri wako wawili, wifi na rafiki, wanazungumza kama vile huyu ni mume mwenye hasira tu. Ukiweka pamoja kukabwa, kupigwa ukiwa mjamzito, kufuatiliwa kila hatua, na lile neno "sitakuacha" lililosemwa kwa sauti ya chini, unapata picha ambayo watu wanaofanya kazi hii wakiiona hawaichezei.

Ndiyo maana nakuomba sana: usimwambie kwamba utaondoka. Usimtishie kwa kuondoka, usiache dalili ya kuondoka, usikubali kikao ambacho ajenda yake ni kuondoka kwako. Kipindi ambacho mwanamke anajitoa, na majuma yanayofuata, ndicho hatari kuliko vyote, kwa sababu mtu aliyezoea kukutawala anaona utawala unamponyoka.

Ninayo sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka mingi nyuma, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mwanamke mmoja aliniandikia barua inayofanana na yako. Nilimjibu kwamba aketi na mumewe jioni, watoto wakiwa wamelala, amweleze kwa utulivu kwamba amefika mwisho. Nilidhani ni ushauri wa busara. Barua yake iliyofuata aliniandikia kutoka wodini, kwa mkono wa dada yake, kwa sababu wake ulikuwa umevunjika. Nimeitunza barua ile, na kila inapokuja kama yako huwa ninaitoa kwanza na kuisoma.

Kwa hiyo wifi yako, hata kama ana nia njema, usimfuate. Usuluhishi unafaa pale ambapo wote wawili wanaweza kusema ukweli bila mmoja kuulipia akirudi nyumbani. Wewe ukisema mbele ya wazee kwamba alikukaba, usiku huo utalala wapi? Mkataba wa Istanbul, uliopitishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2011, unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku usuluhishi wa lazima katika kesi za ukatili wa aina hii, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo. Wifi akikubana, mwambie umelifikiria na umeamua kutulia kwanza. Si uongo, kutulia ndiko unakokufanya.

Rafiki yako yuko karibu na ukweli zaidi, ila ameruka hatua. Kukimbia bila mpango ni kwa saa ya hatari yenyewe, ile ambayo unahisi usiku huu ataua mtu. Saa hiyo usitafute cheti wala nguo: chukua watoto, toka, piga kelele, piga namba ya dharura, nenda kwenye mlango wowote wenye watu. Kama saa hiyo haijafika, una nafasi ya kufanya jambo lililo bora zaidi, nalo ni kupanga pamoja na watu wanaoijua kazi.

Na hapa ndipo nataka unielewe vizuri, kwa sababu nadhani ndipo ulipokwama ulipokata simu. Kuwapigia si kuondoka. Huhitaji kuwa umeamua kitu chochote ili uwapigie. Unaweza kuwapigia mara 10 ukiwa bado unampenda na bado unapika na kufua humo humo ndani, na hakuna atakayekuambia umepoteza muda wake. Kazi yao ni kukusaidia uwe salama zaidi leo kuliko jana, iwe unabaki au unatoka. Mshauri mzuri hakulazimishi kuondoka. Anajua kwamba wewe ndiye unayemfahamu mume wako, unajua hatua zake za ngazini zikisikika nzito maana yake nini, na kwamba kukuchagulia siku ya kuondoka kunaweza kukuua.

Yule mama aliyekuuliza kama unaweza kuzungumza kwa usalama hakuwa anakuhoji. Hilo ndilo swali la kwanza la kazi yao. Ungesema "hapana", au ungekata kama ulivyokata, angeelewa. Wanawake wengi hukata mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Kuhusu walichomwambia mume wako: watu hawa wamefunzwa kutothibitisha kwa yeyote kwamba mtu fulani aliwahi kupiga, na wanajua kwamba sauti ya kiume inayouliza "hapo ni wapi, mke wangu alisema nini?" mara nyingi ndiyo sauti ya mnyanyasaji mwenyewe. Utakapowapigia tena, waambie mapema kwamba aliipiga namba yao. Ni habari muhimu kwao.

Huenda wakakuuliza maswali ya kutisha. Ana silaha? Ametishia kukuua, au kujiua? Amewahi kukukaba? Vipigo vinazidi? Anakufuatilia? Usidhani wanakutia hofu. Maswali ya aina hii yana historia yake: Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alianza kuyapanga mwaka 1985 ili kupima hatari ya mwanamke kuuawa, na leo yanatumika, kwa sura mbalimbali, katika nchi nyingi. Yajibu kwa ukweli mtupu. Wanawake tumezoea kupunguza, "alinisukuma tu", "alinishika shingo kidogo". Kwa huyo mtu wa simu usipunguze chochote.

Polisi na watoto sasa. Kwa mtu mzima kama wewe, katika huduma nyingi uamuzi wa kwenda polisi ni wako, na unachosema ni siri. Lakini siri hiyo ina mipaka, hasa mtoto anapokuwa katika hatari, na mipaka hiyo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Dawa yake ni kuuliza kabla hujaeleza: "Ni mambo gani nikikuambia utalazimika kuripoti?" Ni swali la haki kabisa na mshauri yeyote wa kweli atalijibu bila kuudhika. Unaweza hata kuzungumza bila kutaja jina. Ama kupokonywa watoto, hiyo ni silaha yake ya zamani, na karibu kila anayenyanyasa huitumia. Mama anayetafuta njia ya kuwalinda watoto wake yuko upande ule ule wa hao wanaolinda watoto. Ila jambo moja uliza kwa makini kabla ya siku yenyewe: sheria ya mahali ulipo inasemaje kuhusu kuondoka na watoto, na kuhusu kuwaacha nyuma hata kwa siku chache. Usikisie. Mashirika haya mengi yana mwanasheria au yanajua pa kumpata.

Sasa simu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siri ya wanawake wengi inapovujia.

Simu yako ichukulie kama mtu wake aliyeketi mkobani mwako. Usiipige namba ile tena kutoka kwenye simu hiyo, hata ukifuta baadaye. Kufuta rekodi kwenye simu hakufuti taarifa iliyoko kwa kampuni ya simu, na kama yeye ndiye mwenye akaunti anaweza kuiomba orodha. Namba za bure nazo hubaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Usitafute habari za ukatili kwenye intaneti ya simu hiyo wala kompyuta ya nyumbani. Utasikia habari za kufungua dirisha la siri la kivinjari. Linaficha kurasa zisibaki kwenye historia, basi. Kama ameweka programu ya upelelezi, anayaona yote. Kile kitufe cha "toka haraka" unachokiona kwenye kurasa za mashirika haya kinakuondoa kwenye ukurasa kwa sekunde moja, lakini historia ya ulikopita inabaki.

Utajisikia kutaka kubadilisha neno la siri, kuzima ile ramani inayomwonyesha ulipo, kuisafisha simu yote. Subiri. Siku ramani itakapozimika ghafla, au historia yote ikakutwa tupu, ndiyo siku atakayojua kuna jambo. Mwache aendelee kuona anachokizoea. Mambo hayo utayabadilisha kwa wakati utakaopangwa na mshauri, mara nyingi siku ile ile ya kutoka au baada yake. Na kama siku moja utaona kwenye simu hiyo ushahidi wa upelelezi, usiuondoe kabla hujamwonyesha mtu wa msaada, maana unaweza kukufaa mahakamani.

Tumia simu nyingine. Ya mwenzako wa kazini, kama ulivyofanya, ni njia nzuri. Simu ya mezani ya ofisi inaweza kufaa kama yeye hana mtu wake hapo. Namba uiweke kichwani, usiiandike popote, usiihifadhi hata kwa jina la fundi cherehani. Ameshaiona na ataitambua. Ukienda kwao kwa miguu, simu yako iache kazini kwenye droo, ikiwa imewashwa, ili ramani yake iendelee kusema uko kazini. Kabla ya kwenda, kagua mkoba, koti na begi la mtoto. Siku hizi kuna vidude vya kufuatilia, vidogo kama kifungo cha koti, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopoteza funguo, na watu kama mume wako wamepata matumizi mengine navyo. Tableti au simu ya kuchezea ya watoto nayo inaweza kuonyesha mahali ilipo.

Njia nyingine ambayo wengi huisahau ni hospitali. Unayo sababu ya kweli ya kwenda, na hata yeye anaona ni kawaida mtu kumpeleka mtoto kliniki. Hata akikusindikiza, mwambie muuguzi, "Naomba nizungumze na wewe peke yetu," au sema unahitaji kwenda chooni na umwambie huko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unawataka wahudumu wa afya kumsikiliza mwanamke kwa faragha katika mambo haya, pasipo mwenzi wake kuwepo. Omba waandike kwenye faili ulichosema na walichokiona, na uulize nani anaweza kulisoma faili hilo. Maandishi ya daktari ya leo yanaweza kuwa ndiyo sauti yako mahakamani kesho, utakapoomba amri ya ulinzi.

Tena mahakama. Usifikiri sheria inaona kipigo tu. England na Wales, kwa mfano, tangu mwaka 2015 kumtawala mwenzi wako kwa kumbana fedha, kumfuatilia na kumtenga na watu ni kosa la jinai hata kama hajawahi kumwinulia mkono. Kila nchi ina sheria yake, lakini hilo la kadi ya benki, la ufunguo wa kabati na la ramani ni ukatili, na ulitaje kwa mshauri pamoja na kukabwa. Usilione dogo.

Nyaraka zako. Usivunje kabati. Mshauri atakueleza namna ya kupata nakala mpya za kitambulisho na vyeti, na nyumba salama, yaani makazi ya siri ya wanawake wanaokimbia ukatili, kwa kawaida hazimfukuzi mwanamke kwa kukosa karatasi. Ikitokea siku moja ufunguo umesahaulika, piga picha kwa simu ya mtu unayemwamini, rudisha kila kitu kilivyokuwa. Kidogo kidogo unaweza kutoa vitu visivyoonekana kuondoka: nguo moja ya kila mtoto, dawa, ufunguo wa ziada, pesa ndogo ndogo. Viweke kwa mtu ambaye mume wako hamfikirii. Nyumbani kwa mama yako ndipo atakapokwenda kutafuta kwanza. Begi lililofichwa chini ya kitanda ni tangazo.

Ndani ya nyumba, wakati huu unaojipanga: ukiona hasira inapanda, jongea kuelekea chumba chenye mlango wa kutokea, kaa mbali na jikoni kwenye visu na mbali na bafuni ambako hakuna pa kupitia. Kubaliana na jirani mmoja neno, neno la kawaida kabisa, kwamba ukilisema au kulituma, aite polisi na asije mwenyewe. Kuna ile ishara ya mkono iliyobuniwa Kanada mwaka 2020, kiganja kuelekezwa kwa mtu, kidole gumba kukunjwa ndani, kisha vidole vinne kukifunika. Ni nzuri, ila imesambaa sana na huenda mume wako naye anaijua. Neno lenu wawili ni salama zaidi.

Huyo mwanao mkubwa anayemziba mdogo wake masikio, mfundishe jambo moja tu: kelele zikianza amchukue mdogo waende mahali mliposema, na asije kati yenu hata akisikia unalia. Mwambie si kazi yake kukuokoa. Kama anaweza kukariri namba ya dharura na kusema jina lake na mahali anapoishi, mfundishe kama mchezo. Mpango wa kuondoka usimwambie. Mtoto wa miaka 7 hawezi kubeba siri ya namna hiyo mbele ya baba yake, na siyo haki kumbebesha.

Umesema bado kuna siku unampenda. Sitakuambia uache. Mtu unaweza kumpenda na bado ukakataa kufia mikononi mwake. Wanawake wengi waliotoka salama walitoka wakilia kwa ajili ya mtu waliyemwacha. Mshauri hatakucheka. Akikucheka, au akikuuliza ulimkosea nini mume wako, kata simu, kisha upige tena zamu nyingine au utafute shirika jingine. Kukutana na mtu mmoja asiyefaa kusikufungie mlango wote.

Ikifika siku ya kwenda nyumba salama, watakupa masharti: usimwambie mtu mahali ilipo, hata mama yako, hata huyu rafiki yako mwema. Usipige picha ukazituma, maana picha nyingine hubeba ndani yake taarifa ya mahali zilipopigwa. Watakuambia la kufanya na simu yako ya zamani. Yafuate masharti hayo yote hata yakikuchosha, maana humo ndani kuna wanawake na watoto wengine wanaolala kwa sababu wewe umenyamaza.

Utakapopiga, usihangaike kupanga hadithi. Sema hivi: "Simu hii si yangu, msinipigie wala kutuma ujumbe. Nina dakika 10. Mume wangu aliwahi kunikaba koo na ameshaipiga namba yenu." Maneno hayo yanatosha kwao kujua waanzie wapi. Kisha mpatane siku na saa ambayo utapiga tena wewe mwenyewe, na uulize wafanye nini usipopiga.

Na wewe mwenye simu, mwenzake wa kazini, kama umeisoma hii na umemtambua. Usimuulize maswali mbele ya watu. Usimfuate mumewe kumwonya. Usimwambie yeyote hapo kazini, hata yule unayemwamini sana. Ukishaazimwa simu, usiipige ile namba iliyobaki humo ili kujua ni ya nani. Akija kukuomba tena, mpe kabla hajamaliza kueleza, na umsimamie mlangoni.

Shangazi